Kwa Ornella, Aliyejaza Chumba Chote

Ngagara, jioni kabla hujasafiri

Ornella mwanangu,

Umeenda Kamenge kusuka, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako, hatakuachia kabla taa hazijawaka. Vizuri. Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba kana kwamba linapelekwa vitani. Nimebaki na meza peke yangu, naandika yale ambayo nikijaribu kukuambia kwa mdomo nitalia, nawe utaniletea maji, na mambo yataishia hapo kama kawaida yetu. Naandika kwa Kiswahili cha kwetu Uvira kwa sababu ndicho nilichokulelea. Kirundi cha baba yako bado kinanitoa jasho, na Kifaransa nimekuachia wewe na shule yako.

Sitakuandikia habari za koti, wala pasipoti, wala kwamba usimwachie mtu begi lako pale Addis. Baba yako amekuimbia hayo wiki nzima, hata majirani wanaweza kukusomea. Nitasema moja tu la kesho, kisha nitaliacha. Unakwenda Aljeria kwa miaka, na wanafunzi wanaokwenda huko hawarudi likizo kwa sababu nauli haipatikani. Mimi nalazwa wiki ijayo wanitoe mji wa mimba, na ugonjwa umeshatoka humo na kufika mapafuni. Kwa hiyo huenda kesho pale uwanjani ndiyo mara ya mwisho kuniona. Tumezunguka neno hilo ndani ya nyumba hii kama watu wanaomzunguka mbwa aliyelala. Sasa nimeliandika, basi limesemwa.

Lakini hilo silo linaloninyima raha. Linaloninyima raha ni lile neno nililokuambia mezani, ile siku tulipokula ndagala, vile visamaki vya ziwani. Sitaki upande nalo ndege.

Nianze nyuma kidogo. Ulipozaliwa nilikuwa bibi harusi mgeni katika mji huu, na furaha yangu haikuwa na mfano. Baada yako nilipata mimba mbili, zote zikatoka. Kisha kimya. Mwanamke mwenye mtoto mmoja hapa kwetu hatukanwi. Anahurumiwa, na huruma hiyo ni mbaya kuliko matusi. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa akija hapa anakuangalia unacheza, kisha anauliza polepole, "Na wengine?" kana kwamba nimewasahau sokoni. Wakakuita kinege, mtoto wa pekee. Kila niliposikia neno hilo nilisikia lawama yangu, wala sikufikiri hata siku moja kwamba wewe ulikuwa ukisikia jina lako.

Nilikuwa nikikuogesha huku nikimwazia mwingine. Nilikuwa nikikushonea gauni naacha pindo refu ili lije limfae mdogo wako. Sanduku la nguo zako za utotoni lilikaa chini ya kitanda changu mpaka panya wakalimaliza. Siku zangu zilipokoma, nililia chooni na bomba likiwa wazi, msinisikie.

Halafu, miaka mingi baadaye, asubuhi moja nikaona damu. Mwanangu, sikuogopa. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Mwanamke mwingine angeshtuka. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikacheka.

Niliyemwambia wa kwanza hakuwa wewe, wala baba yako. Nilikwenda kwa Mama Consolata, kiongozi wetu wa chumba cha maombi, kwa sababu miaka yote ile tulikuwa tumefunga na kuomba pamoja kwa ajili ya jambo hilo moja. Alinikamata mabega.

"Mama Ornella! Mungu amekukumbuka! Ujana ndiyo inarudi!"

Unajua desturi ya kanisa letu. Neema haifichwi, inasimamishwa mbele ya watu ishuhudiwe. Jumapili ile nilisimama katikati ya wanawake nikasema kwamba Bwana ameirudisha njia yangu ya kike, na kwamba anayerudisha njia hakosi kuleta mgeni. Walipiga impundu, vigelegele vya huku, mpaka watoto wa nje wakakimbilia madirishani. Wiki iliyofuata wakaniletea kitenge kipya, cha kijani chenye ndege wa njano, kizito, cha kumbebea mtoto mgongoni. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kila nilipoona damu tena, nilikigusa nikashukuru. Ndivyo nilivyokuwa nikiushukuru ugonjwa, mwezi baada ya mwezi.

Na baba yako, yule unayemwona hana maneno, alikuwa akirudi kutoka ghalani kule Zone Industrielle akipiga mluzi. Alikitengeneza mguu kile kitanda chako kidogo cha utotoni. Sijui kama ulijua hilo. Siku tulipopata majibu alikibomoa peke yake, akatumia mbao kwenye banda la kuku, wala hatujawahi kulizungumza.

Wewe ndiye uliyeona. Ulikwenda kuanua nguo, ukakuta vitambaa vyangu vya damu nimevianika chini ya pagne, kitenge cha kujifunga, kama tunavyofanya wote, vingi kuliko inavyopasa. Hukusema kitu mpaka tulipokaa kula zile ndagala, baba yako alipoinuka kwenda kupokea simu. Nakumbuka kila neno, na nadhani wewe pia.

"Mama, ile damu inakuja tangu lini?"

"Ni mambo ya wakubwa."

"Damu ikisimama miaka yote ile, ikirudi, daktari anapashwa kuangalia. Twende tu, mama. Waangalie tu."

"We uko na wivu."

"Wivu ya nani?"

"Ya ndugu yako! Hajazaliwa hata, na unaisha kumuonea wivu!"

Ulirudi kwenye sahani yako. Kama na mimi ningerudi kwenye yangu, leo nisingeandika. Lakini nina huu mdomo wangu wa Uvira.

"Kama we ungekuwa unanitosha," nikakuambia, "ningekuwa naomba mungine wa nini?"

Uliweka kijiko chini, taratibu, ili kisigonge sahani. Ukakusanya vyombo ukaenda kuosha. Tangu siku ile hukuja tena kanisani, nami nikawaambia akina mama kwamba una mitihani.

Nilijua nimekuumiza. Nilisubiri mtoto azaliwe, nikidhani ukimbeba mara moja utasahau. Unaona akili yangu ilivyokuwa? Nilikuwa nataka mtoto asiyekuwepo aje kunisuluhisha na mtoto aliyekuwepo.

Damu ikazidi. Siku ile sokoni niliinuka kwenye kiti changu kumkunjulia mteja kitambaa, nikaona macho yake yameshuka. Nikageuka, nikakiona kiti. Nilikuwa na namba ya Mama Consolata juu kabisa kwenye simu, na vidole vyangu vikaenda kwako. Ulifika na pagne yako mkononi, ukanizungushia kiunoni mbele ya watu wote kama mtu anayemrekebisha mama yake nguo tu, ukamwambia jirani yangu aangalie biashara. Ndani ya taksi nilingoja useme, "Nilikuambia." Nilikuwa nimeshaandaa hata jibu. Uliniuliza kama nimekula.

Yaliyofuata uliyaona, lakini uliyaona kwa upande wako. Ngoja nikupe upande wangu.

Pale kliniki walianza na ekografi, ile picha ya tumbo. Yule daktari, mwanamke kijana asiye na makelele, akasema ukuta wa ndani wa mji wa mimba umenenepa, na kwa mwanamke ambaye siku zake zimekoma haufai kuwa hivyo. Akataka nirudi siku nyingine aingize mrija mwembamba wenye taa na kamera, aangalie ndani kwa macho yake, achukue na kipande kidogo cha kupimwa. Nilisikia neno kuingiza, sikusikia lingine. Ulinieleza njia nzima kwamba hawapasui, hawalazi, natoka kwa miguu yangu. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni nikiwagawia dada zangu vitenge vyangu.

Ndiyo maana asubuhi ile ulinikuta mlangoni na mkeka, beseni, mashuka, termosi ya chai na sufuria la wali, kama tunavyomhamishia mgonjwa hospitali. Majirani nilikuwa nimeshawaaga. Yule muuguzi alituangalia pale mlangoni.

"Mama, unahama?"

Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko chako tangu siku ya ndagala, na kwa ajili yake ningeweza kubeba hata kabati.

Nilikuwa nimekunywa dawa ya maumivu kabla ya kutoka nyumbani, kama alivyoagiza. Nililala, nikafunikwa vizuri, wewe ukasimama upande wa kichwa changu. Alikuwa akiniambia kila anachofanya kabla hajakifanya. Sasa mrija. Sasa maji kidogo, ili nafasi ifunguke nione. Tumbo lilinibana kama siku zangu za zamani, ukaniuliza, "Mama, inauma?" nikakuambia apana. Ilikuwa inauma. Iliuma zaidi kidogo alipochukua kile kipande kwa kijirija chembamba kuliko mrija wa kunywea fanta. Lakini ni maumivu ambayo nimewahi kupika nayo, kufua nayo, kuuza nayo. Nimekaa kwenye foleni ya sukari muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye kile kitanda. Tulipotoka, chai ya termosi ilikuwa bado inaunguza midomo, tukainywa pale kwenye ngazi za nje, wali tukampa mlinzi. Kumbe ndicho hicho nilichokuwa nikikikimbia miezi yote ile, Ornella. Nilipomaliza chai yangu nilitaka kujizaba kofi.

Lakini kuna jambo ulilikosa. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi usoni. Mimi nilikuwa naangalia kwenye televisheni yao ndogo. Nilikiona chumba, mwanangu. Chumba chenyewe, chekundu, na maji yanapita taratibu. Daktari akaonyesha upande mmoja, ambapo nyama imeota kama uyoga kwenye ukuta wenye unyevu, na sauti yake ikapungua. Nilijua kabla hajasema. Basi wewe ulipogeuka kuchukua kitambaa unifute jasho, nilimuuliza polepole, usisikie.

"Dokta, huyu mutoto wangu alikuwa analala wapi mule ndani?"

Hakunicheka. Alisimamisha ile kamera yake, akafikiri.

"Hapa pote, mama," akasema. "Ni chumba kidogo. Alikijaza chote."

Miaka yote nilikuwa nakwenda huku na huku nikilia kwamba nyumba yangu ina nafasi tupu. Kumbe ilikuwa imejaa mpaka kwenye kuta. Nilianza kulia pale pale, ukadhani ni maumivu, ukaubana mkono wangu na kumwambia daktari apumzike kidogo. Hayakuwa maumivu. Nimesubiri mpaka leo kukuambia.

Majibu unayajua. Kipande kilikuwa na kansa, na picha za baadaye zikaonyesha vidoa mapafuni. Wewe ulikuwa umetoka na baba yako, mliposikia neno lile yeye alihitaji hewa. Nikabaki na daktari, nikamuuliza ingekuwaje kama ningekuja pale damu ilipoanza. Akaanza kupanga kalamu zake. Nikamwambia nimeuza vitambaa maisha yangu yote, mtu anayekwepa bei namjua. Ndipo akasema kwamba ugonjwa huu wa ndani ya mji wa mimba haupendi kujificha, hutoa damu mapema, na wengi wakija mapema hukutwa bado umo ndani, unatolewa pamoja na mji, basi. Siku hizi anaongea nami kuhusu kupunguza. Kuponya hakutaji.

Kwa hiyo ile damu ilikuwa wito wa kuniita kwa daktari, nami nikaupigia impundu. Ninaamka nalo hilo, ninalala nalo. Mungu sijamwacha, usijali, ila siku hizi tunaongea kwa ukali kidogo, na nadhani ananivumilia.

Kuna kitu kingine hukijui, kwa sababu hukuwepo. Jumapili iliyopita niliomba nafasi ya ushuhuda. Mama Consolata alidhani nitashukuru kwa safari yako. Nilisimama palepale niliposimama ile siku ya kwanza, nikawaambia kwamba ushuhuda wangu wa kwanza ulikuwa wa uongo, ingawa sikuutoa kwa kudanganya. Nikawaambia damu ikishakoma ikirudi, hata tone, mwanamke aende akaangaliwe, aombe akiwa njiani. Nikawaeleza ule mrija, na lile beseni, na yule muuguzi, wakacheka, kisha hawakucheka tena. Hakuna aliyepiga impundu. Mama Consolata alinifuata nje, akanishika mkono mpaka barabarani. Usimchukie. Alinitakia nilichokuwa nikijitakia. Na nikiwa bado nimesimama pale, mwanamke mmoja wa kwaya, simtaji, akaja akaninong'oneza, "Mi pia, Mama Ornella. Tangu Pasaka." Jumatatu nilimpeleka mwenyewe kliniki. Nilimwambia aache beseni nyumbani.

Sasa wewe. Najua uliandika ujumbe wa kuomba nafasi yako ya masomo iahirishwe, na najua baba yako alikusihi usiutume. Ulimwambia, "Nani atamwosha mama?" Dada zangu watatoka Uvira, ni wengi na wana kelele, wataniosha mpaka nichubuke. Wewe nenda. Sikufukuzi. Ningekuwa mtu wa kujipenda tu, ningekufungia ndani, kwa sababu sijui nitaamkaje asubuhi bila kusikia redio yako na mlango wako unaolia. Moyo wangu unauma kuliko tumbo. Lakini umekua ukiwa mtu wa kungoja watu wengine wafike ndipo mama yako afurahi, na hawakufika. Sitaki tena ungoje kitu katika nyumba hii, na kitu chenyewe kiwe kifo changu.

Ukiwa huko, na mwili wako ukikuonyesha jambo ambalo silo, damu isiyo ya siku zake, au nyingi kuliko desturi yako, usilifiche chini ya pagne kama nilivyokufundisha. Nilikufundisha vibaya. Mwambie mtu. Na siku ukipata binti, akikuuliza mezani tangu lini, mjibu.

Na kama simu itapigwa na sauti ya baba yako ikawa siyo yake, usianze kutafuta ndege. Kaa chini. Lia vizuri, kwa sauti, hata kama Waarabu watashangaa. Kisha ule.

Nasikia lango. Ni wewe, unamtania baba yako juu ya zile kamba. Nimalize.

Lile neno la mezani naliondoa. Siombi ulisahau, kwa sababu mimi mwenyewe sijalisahau. Nasema halikuwa kweli siku niliyolisema, wala miaka yote kabla yake. Ulinitosha. Uliponijaza hapakubaki pa mwingine, na mimi nikaita hilo upungufu.

Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya koti, utakuta kile kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Usikasirike, na usidhani nakuagizia mjukuu. Huko kuna baridi usiku. Jifunge, jifunike, fanya hata pazia. Wale akina mama walikinunua kwa ajili ya mtoto wangu, nami nilikiweka miezi yote hii nikimngoja mwenyewe.

Chukua, ni chako.

Mama yako